Sura ya Saba: Nimebonyeza, Mbona Haiamki?

Mafundi wa kompyuta hawaishi kuulizwa swali hili, maofisini, mashuleni na kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa kopi: "Nimeiacha mashine muda mfupi tu, nimerudi nakuta skrini nyeusi. Nimebonyeza kibodi, kimya. Nimetikisa mausi, kimya. Imekufa?" Mara nyingi haijafa. Imelala, na kile kitufe kilichobonyezwa hakina ruhusa ya kuiamsha.

Swali hilo lina pacha wake: "Nalala nimeifunga laptopu, asubuhi nakuta betri imekwisha. Nani aliiwasha usiku?"

Maswali yote mawili yana jibu moja. Kitufe hupeleka ombi tu. Ombi hilo linahitaji umeme wa kulibeba na ruhusa ya kulipokea. Likikosa kimoja, kompyuta inaendelea kulala. Likipata vyote, hata kama aliyelipeleka ni mausi iliyoguswa na paka, kompyuta inaamka. Sura hii inafuata njia ya ombi hilo hatua kwa hatua, ili wewe mwenyewe uamue kipi kiiamshe kompyuta yako na kipi kikae kimya.

Kwanza, imelala usingizi gani?

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jua kompyuta yako inalala vipi, kwa maana kila usingizi una vitufe vyake. Desemba 1996, kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni ziitwazo ACPI. Kanuni hizi zinaeleza jinsi vifaa vya kompyuta vinavyoelewana na programu endeshi kuhusu matumizi ya umeme. Programu endeshi ni ile programu kuu inayoziendesha nyingine zote, kama Windows au Linux. Humo kila hali ya kompyuta ilipewa herufi S na namba, na mafundi wanazitumia mpaka leo.

- Usingizi wa kawaida, S3. Prosesa, diski na feni zinazimika. Kinachoendelea kulishwa umeme ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi uliyoifungua. RAM ni sahaulifu: chaji iliyomo huvuja, kwa hiyo kwa kawaida huandikwa upya yote kila baada ya milisekunde 64. Ndiyo maana haiwezi kuachwa bila umeme hata kwa nusu dakika. Faida yake ni kwamba kompyuta huamka ndani ya sekunde chache.
- Usingizi wa pono, S4. Yaliyomo kwenye RAM hunakiliwa kwenye diski, kisha mashine hujizima karibu kabisa. Umeme ukikatika, kazi yako iko salama. Lakini kuamka kunachukua muda zaidi, na mara nyingi kibodi haiwezi kuiamsha. Ni kitufe cha kuwashia tu.
- Usingizi wa mang'amung'amu. Huu ulikuja na Windows 8 mwaka 2012, na leo ndio unaokutwa kwenye laptopu nyingi nyembamba. Skrini inazimika na prosesa inapunguza kazi hadi chini kabisa, lakini mashine haijalala. Inaweza kupokea barua pepe kama simu iliyoko mfukoni.

Baada ya hizo kuna S5, yaani kompyuta iliyozimwa, ingawa bado imechomekwa ukutani.

Ili kujua yako ni ipi, kwenye Windows fungua dirisha la amri, lile jeusi linaloitwa Command Prompt, uandike:

`powercfg /a`

Utapewa orodha ya aina za usingizi ambazo mashine yako inaziweza, na zile isizoziweza pamoja na sababu zake. Kwenye Linux, andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Neno lililozungushiwa mabano ya mraba ndilo linalotumika: *deep* ni usingizi wa kawaida, *s2idle* ni mang'amung'amu.

Wakati wote wamelala, nani yuko macho?

Watu waliotumia kompyuta za mezani za miaka ya mwanzo ya tisini wanakumbuka swichi kubwa iliyotoa mlio ukiibonyeza. Swichi ile ilikata umeme wa ukutani wenyewe. Ndiyo maana Windows 95 ilipomaliza kazi zake kwenye mashine hizo ilikuandikia kwenye skrini kwamba sasa ni salama kuzima. Programu haikuwa na uwezo wa kuizima mashine, wala hakukuwa na namna ya kuiamsha isipokuwa kwa mkono kwenye swichi ileile.

Mwaka 1995 Intel ilileta muundo mpya wa kompyuta za mezani uitwao ATX. Swichi kubwa ikaondoka, pakaja kitufe kidogo chenye nyaya mbili nyembamba zinazoishia kwenye ubao mama, yaani ule ubao mpana unaobeba prosesa, RAM na vifaa vingine vyote. Pawa saplai nayo, ambayo ni lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo, ikapewa kazi ya ziada. Hata kompyuta ikiwa imezimwa, inaendelea kutoa volti 5 kupitia waya mmoja wa zambarau. Tuuite umeme wa kusubiri.

Umeme huo mdogo unakilisha kijisehemu cha ubao mama ambacho hakilali. Kijisehemu hicho ni mlinzi wa getini: nyumba nzima imelala, yeye ana tochi, redio na orodha ya watu anaoruhusiwa kuwafungulia. Ukibonyeza kitufe, unamgongea yeye. Akikuta jina lako kwenye orodha, anaiamuru pawa saplai ifungue umeme wote na kompyuta inaamka. Kama halimo, anakuacha ugonge.

Kwenye laptopu kazi hiyo hufanywa na kidhibiti kidogo kinachosoma kitufe cha kuwashia, hali ya betri na mfuniko. Laptopu nyingi hujua kwamba mfuniko umefungwa kwa sababu ya sumaku iliyofichwa pembeni mwa skrini na kihisi kilicho upande wa kibodi. Ndiyo sababu kuweka laptopu moja juu ya nyingine, au kuegesha juu ya kibodi simu yenye kifuko cha sumaku, kunaweza kuilaza mashine ukiwa katikati ya kazi.

*Kwa ufupi: kompyuta iliyolala ina sehemu ndogo iliyo macho, inayoishi kwa umeme wa kusubiri. Kwenye kompyuta ya mezani, ukichomoa waya ukutani, au ukizima swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, sehemu hiyo nayo inazimika, na hakuna kitufe kitakachofanya kazi.*

Umeme, bayosi, Windows: ruhusa zote zipatikane

Kitufe cha kuwashia kina upendeleo. Orodhani kimo siku zote. Vitufe vingine, kama vya kibodi, mausi au rimoti, huhitaji mambo matatu kwa pamoja. Moja likikosekana, mawili yaliyobaki hayasaidii kitu.

*La kwanza: kifaa kiwe na umeme.* Kibodi ya USB haiwezi kupeleka ombi ikiwa tundu ilikochomekwa limezimwa. Angalia kama taa za tundu au za kifaa zinabaki zikiwaka baada ya kompyuta kulala. Kompyuta nyingi hulisha baadhi tu ya matundu, basi jaribu kuhamishia kibodi kwenye tundu jingine, hasa la nyuma, na epuka kuipitisha kwenye kigawanyio cha USB. Kibodi zisizo na waya zenye kijichombo chake cha kuchomeka kwa kawaida huweza kuamsha, kwa kuwa kompyuta hukiona kijichombo hicho kama kifaa cha USB. Za Bluetooth ni bahati nasibu, kwani mara nyingi redio ya Bluetooth huzimwa mashine inapolala.

*La pili: bayosi ikubali.* Bayosi ni programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama, inayofanya kazi kabla Windows haijaanza. Huingiwa kwa kubonyeza kitufe maalumu mara tu unapowasha: F2 kwa Dell, F10 kwa HP nyingi za ofisini, F1 kwa Lenovo ThinkCentre. Ukiwa ndani, tafuta ukurasa wa umeme. Majina yanatofautiana, lakini haya ndiyo unayoweza kukutana nayo:

- "USB Wake Support" kwenye Dell huruhusu vifaa vya USB kuamsha.
- "Deep Sleep Control" kwenye Dell, "S5 Maximum Power Savings" kwenye HP na "ErP" kwenye mbao nyingine hubana umeme wa kusubiri. Vikiwashwa, kibodi hukosa nguvu ya kuiamsha kompyuta iliyozimwa au iliyo kwenye usingizi wa pono.
- "Power On By Keyboard" huruhusu kibodi kuwasha hata kompyuta iliyozimwa kabisa. Lenovo ThinkCentre nyingi zina tundu moja la USB lililotengwa kwa kazi hiyo; kibodi ikiwa hapo, Alt na P kwa pamoja huiwasha mashine.

Hilo jina ErP linatokana na sheria za Ulaya. Kuanzia mwaka 2010 vifaa vingi vya umeme vilivyozimwa vilitakiwa visitumie zaidi ya wati 1, na mwaka 2013 kiwango kikashushwa hadi nusu wati. Anayenunua kompyuta ya ofisini iliyotumika kutoka Ulaya anaweza kuikuta bado imebanwa hivyo. Kibodi haina ubovu wowote. Mwenye mashine wa kwanza alikuwa akibana matumizi ya umeme.

*La tatu: programu endeshi ikubali.* Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo palipo rahisi zaidi kurekebisha.

Kupanga vitufe kwenye Windows

Kuna ukurasa kwenye Control Panel ulioandikwa "Choose what the power buttons do". Wengi hukimbilia hapo na kutoka bila mafanikio. Ukurasa huo unaamua kitufe kifanye nini kompyuta ikiwa *macho*: kiilaze, kiizime, au kisifanye lolote. Haugusi habari ya kuamsha. Mahali penyewe ni hapa:

1. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, uchague Device Manager.
2. Fungua kundi la Keyboards, kisha bofya mara mbili jina la kibodi yako.
3. Nenda kwenye ukurasa wa Power Management.
4. Weka tiki kwenye "Allow this device to wake the computer".
5. Rudia kwenye kundi la Mice kwa ajili ya mausi, ukiweka au ukiondoa tiki kadiri upendavyo.

Ukiwa na kibodi moja lakini ukaona majina mawili au matatu, usishangae. Kibodi nyingi hujitambulisha mara kadhaa, kwa mfano vitufe vya herufi kivyake na vitufe vya sauti kivyake. Kama ukurasa wa Power Management haupo, huenda kompyuta yako ni ya mang'amung'amu, ambako Windows hupanga yenyewe, au kifaa chako hakina uwezo wa kuamsha.

Ukitaka kuhakiki, rudi kwenye dirisha la amri:

`powercfg /devicequery wake_armed`

Hiyo ndiyo orodha ya mlinzi. Vifaa vinavyoonekana hapo ndivyo vyenye ruhusa kwa sasa. Kama kibodi yako imo na bado haiamshi, tatizo liko kwenye bayosi au kwenye umeme wa tundu. Kama haimo, tatizo liko kwenye Windows. Amri hiyo moja inakupunguzia nusu ya kazi.

Kwenye Linux na Mac

Linux huweka orodha yake kwenye faili liitwalo `/proc/acpi/wakeup`. Ukilisoma utaona majina mafupi: PWRB ni kitufe cha kuwashia, LID ni mfuniko, XHC ni kidhibiti cha matundu ya USB. Mbele ya kila jina pana *enabled*, yaani limeruhusiwa, au *disabled*, limezuiwa. Ili kugeuza hali ya USB andika:

`echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup`

Amri hii hugeuza: lililoruhusiwa linazuiwa, lililozuiwa linaruhusiwa. Kwa hiyo soma faili kwanza, ukiiandika mara mbili umerudi ulikotoka. Kila kifaa cha USB pia kina faili lake liitwalo `power/wakeup` chini ya `/sys/bus/usb/devices`, na hapo unaweza kuizuia mausi huku ukiiachia kibodi. Mabadiliko yote haya hufutika kompyuta ikiwashwa upya, hivyo anayetaka yadumu huyaandika kwenye kanuni za udev, ambazo Linux huzisoma kila inapotambua kifaa.

Mac haikupi uchaguzi mwingi. Laptopu zake huamka kwa kufungua mfuniko au kubonyeza kitufe, na mtumiaji hawezi kuchagua kitufe kimoja kimoja. Unachoweza kuzima kwenye mipangilio ni kuamshwa na mtandao.

Na ile inayoamka yenyewe?

Kompyuta inayoamka usiku imepokea ombi halali kutoka kwa mtu usiyemtarajia. Windows itakwambia ni nani, ukiuliza mara tu baada ya kuamka:

`powercfg /lastwake`

Watuhumiwa wa kawaida ni hawa:

- Mausi. Jicho lake huhisi hata mtikisiko wa meza. Ondoa tiki, uiache kibodi.
- Kadi ya mtandao. Inaweza kuamsha kompyuta ikipokea ujumbe maalumu wenye baiti 102: sita za mwanzo zenye thamani ya juu kabisa, kisha namba ya kadi hiyo ikirudiwa mara 16. Ni msaada mkubwa kwa fundi wa ofisi anayetaka kusasisha mashine zote usiku akiwa mbali. Nyumbani kwa kawaida hauhitajiki.
- Saa. Programu huweza kutega saa iamshe kompyuta ili ipakue masasisho. Andika `powercfg /waketimers` ukiwa msimamizi wa mashine, utaziona zilizotegwa.

Kwa laptopu ya mang'amung'amu inayomaliza betri ndani ya begi, dawa iliyo rahisi ni kuiagiza ilale usingizi wa pono ukifunga mfuniko. Hapo ule ukurasa wa "Choose what the power buttons do" unafaa kweli.

Kitufe chako mwenyewe

Je, kama kitufe cha kuwashia kimevunjika, au boksi la kompyuta liko chini ya meza na anayeitumia hawezi kuinama? Kumbuka kwamba kitufe cha kompyuta ya mezani ni nyaya mbili tu zinazoishia kwenye pini mbili za ubao mama, ambazo kwa kawaida zimeandikwa PWR_SW au PWRBTN. Umeme uliopo hapo ni mdogo, wala haijalishi waya upi ukae pini ipi. Mafundi wengi kitufe kikiharibika huhamisha nyaya za kitufe cha Reset na kuzichomeka kwenye pini hizo, na kuanzia hapo Reset ndiyo inayowasha na kuamsha.

Unaweza pia kununua kitufe kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, kama ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ukakivutia waya mrefu na kukiweka juu ya meza. Sharti ni moja: kiwe cha kurudi chenyewe ukikiachia. Swichi ya kubaki imebonyea, kama ya taa ya ukutani, haifai kabisa, kwa kuwa kanuni za ACPI zinasema kitufe kikishikiliwa kwa sekunde nne mfululizo, mashine ikatwe umeme hata kama programu imegoma. Swichi ya aina hiyo ingeiamsha kompyuta na kuizima sekunde chache baadaye. Kabla ya kufungua boksi, zima na uchomoe waya ukutani.

Kipi kiamshe, kipi kinyamaze?

Hakuna mpango mmoja unaowafaa wote. Haya yanaweza kukuongoza:

- *Mashine ya nyumbani au ya dawati moja:* kibodi iruhusiwe, mausi izuiwe, mtandao uzuiwe.
- *Maabara ya shule au kibanda cha kuchapa:* kitufe cha kuwashia peke yake. Ruhusu mtandao ikiwa tu kuna anayesasisha mashine kutoka mbali.
- *Mahali umeme unapokatika mara kwa mara bila UPS, yaani betri ya akiba:* usitegemee usingizi wa kawaida kwenye kompyuta ya mezani. Tumia usingizi wa pono, na uzoee kuamsha kwa kitufe cha kuwashia.
- *Laptopu inayosafiri:* kufunga mfuniko kuilaze usingizi wa pono.

Ukishachagua, waambie wote wanaoitumia mashine hiyo ni kitufe kipi kinachoiamsha, na uwaonye juu ya kosa moja. Mtu akiona kibodi haijibu, hukimbilia kitufe cha kuwashia na kukishikilia. Kwenye kompyuta iliyolala, kukigusa mara moja na kukiachia kunatosha kuiamsha. Kukishikilia kwa sekunde nne kunaizima kwa nguvu, na barua iliyokuwa bado haijahifadhiwa inapotea nayo.